Mwaka wa Nguruwe Weupe

Mama Faida tulimzika Jumamosi, na kabla udongo haujakauka watu walikuwa wameshaanza kumsifu kwa jambo lile lile lililonitia kinyaa mwaka mzima wa ujana wangu. Tulikuwa tumekaa Bwaise, mtaa wa bondeni Kampala, chini ya turubai la kukodi, viti vya plastiki vikizama polepole kwenye tope, na mwanamume mmoja wa kanisani kwake akasimama akasema kwamba marehemu ndiye aliyeleta maendeleo mtaani, maana ndiye mtu wa kwanza pale kufuga nguruwe weupe. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa na sahani ya wali na maharage mapajani, nikaiweka chini. Mtaro ulikuwa nyuma yangu, ule ule, ukinuka vile vile: mayai viza, sabuni, na kitu kingine kitamu kitamu ambacho hukujua ni nini na hukutaka kujua. Nikakumbuka kila kitu kwa pua kabla sijakikumbuka kwa kichwa.

Nilimpenda Mama Faida, Mkongomani mwenzangu aliyenipokea mjini, na ninaandika haya macho yangu yakiwa bado mekundu. Lakini nimechoka kusikia habari za nguruwe zikisimuliwa na watu ambao hawajawahi kuosha banda. Mimi si msomi, shule yangu iliishia msingi kule Bukavu, na sina maneno makubwa ya kueleza mambo ya mbegu na damu. Nina yale niliyoyaona nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mgeni mjini, mwenye furaha isiyo na sababu, nikiamini kwamba siku moja nitakuwa na kilima changu, geti langu la kijani, na nguruwe weusi wakitembea chini ya migomba huku mimi nikiwatazama nimevaa gambuti mpya. Ndoto hiyo nilikuwa nayo nikiwa nimeinama ndani ya pipa la makombo hadi kwapani. Sijui ilitoka wapi.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, nyuma ya duka la mkaa. Mlangoni Mama Faida alikuwa amejenga kizingiti cha matofali kinachofika magotini ili maji ya mafuriko yasiingie, kwa hiyo kila aliyekuja kutusalimia aliinua mguu juu kama jogoo. Maji yaliingia hivyo hivyo. Yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani, na juu ya mstari ule ndipo tulipotundika kila kitu chetu: kalenda ya kanisa, kioo, vitenge vya Jumapili. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, nasi tulilala mzungu wa nne, miguu yake ikinifikia mashavuni, ikinuka mafuta ya kujipaka na, chini ya mafuta, nguruwe. Mimi pia nilinuka nguruwe. Nywele zilinuka, Biblia ilinuka, chumvi ilinuka. Jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, siku njema tukitia ndagala, dagaa wa kwetu, na Mama Faida alikula kwa vidole vitatu, taratibu, kama mtu aliyealikwa mahali.

Nyama ya nguruwe sikula. Haikuwa dini. Ni kwamba asubuhi nilikuwa nimewakuna masikio, na jioni singeweza kuwatafuna. Mama Faida alinicheka sana kwa hilo.

“Weye Sifa, unafuga kitu hukili. Ni kama mutu anayefua nguo za jirani halafu anatembea uchi.”

“Mimi nitafuga wa kuangalia tu, mama.”

“Wa kuangalia. Basi weka viti, walipe kiingilio.”

Nyuma ya chumba ndiko kulikokuwa na banda, la mbao za kuokota, limeinuliwa juu ya magogo ili maji yapite chini. Kila kilichotoka kwa nguruwe kilianguka kupitia nafasi za sakafu na kulala pale chini kikisubiri mvua ikichukue, ikakiache kwa jirani. Chakula chao kilikuja ndani ya pikapu ya Wafula, Mkenya aliyekuwa na jiko la nyama ya nguruwe kule Kabalagala, mahali pa baa na muziki. Kila alipokuja kununua nguruwe alituletea pipa la makombo ya wateja wake, na kazi yangu ilikuwa kulitia mkono na kutoa visivyoliwa: vijiti vya meno, vifuniko vya chupa, vipande vya sigara, mara moja kifungo cha koti. Vilivyobaki vilikuwa mihogo iliyolowa bia, nyanya zenye alama za meno, na mifupa. Mifupa ya nguruwe. Nilimuuliza Mama Faida kama si vibaya kuwapa nguruwe wale ndugu zao, akasema ndugu ni wale mnaojuana.

Alikuwa na nguruwe weupe watatu wa kizungu, majike, wakubwa, wenye ngozi ya waridi iliyoonekana daima kama imetoka kuoshwa kwa maji ya moto, na mmoja mweusi wa kienyeji, bado mchanga, mwenye pua ndefu, manyoya magumu mgongoni na macho ya mtu anayejua umechelewa kazini. Weupe niliwaogopa kidogo. Yule mweusi nilimpenda siku ile ile ya kwanza, nikataka kumwita Hawa. Mama Faida akanikataza akisema tuna majirani Waislamu na hatukuja Kampala kutafuta ugomvi, basi nikamwita Makaa. Kwa kuwa nilifanya kazi bila kulalamika, Mama Faida aliniahidi kwamba Makaa akizaa, mtoto mmoja wa kike atakuwa wangu. Kilima chote, geti na gambuti, vilisimama juu ya ahadi hiyo.

Madume yalikuwa kwa Ssalongo. Hilo si jina, ni heshima ambayo Waganda humpa mwanamume aliyezaa mapacha, lakini sikuwahi kusikia jina lake jingine. Alikuwa na kiwanja chake mwenyewe, juu kidogo, mahali ambapo maji ya mafuriko hayakufika, na alikuwa na tumbo la mwenye kiwanja. Mtu akiwa na jike linalotaka dume, Ssalongo alilifunga dume kamba mguu wa nyuma na kulitembeza mtaani kwa fimbo, na wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua ili waseme. “Ssalongo, bwana harusi ameoga?” Malipo yake yalikuwa yale ya tangu zamani: jike likizaa na watoto wakiachishwa ziwa, mwenye dume anakuja kuchagua mtoto mmoja, na anachagua kwanza. Ssalongo alichagua vizuri. Aliwashika mmoja mmoja kwa miguu ya nyuma, akawapima kwa mkono, akaondoka na jike bora kuliko wote ndani ya gunia, huku mwenye nyumba akitabasamu kwa uchungu.

Nilipofika alikuwa na madume mawili. La kwanza lilikuwa jeusi, zee, lenye sikio lililochanika. La pili lilikuwa jeupe, ambalo Wafula alikuwa amelileta mtaani mwaka mmoja kabla, na watoto waliliita mzungu. Wafula alikuwa na sababu zake, nazo alizieleza akiwa ameegemea pikapu, na Kiswahili chake cha Kenya kilichonyooka kilitufanya sote tujisikie wajinga.

“Madam, mimi naongea biashara. Mteja wa Kabalagala akiona unywele mweusi kwenye ngozi ya nyama yake, anarudisha sahani. Anasema anasikia kinyaa. Mweupe hata akibaki na unywele, nani atauona?”

Nililishika neno lile. Mteja yule alikula mezani penye nzi, mafuta yakimtiririka hadi kiwiko, mbwa chini ya kiti chake, na kinyaa chake kilikuwa juu ya unywele. Kwa unywele ule, Wafula alisema kuanzia Krismasi hatachukua tena dume jeusi, ila likiwa limehasiwa na kunona vizuri hadi manyoya yasahaulike.

Ndiyo maana Jumamosi moja baada ya Pasaka kila mwenye dume jeusi alilileta uwanjani kwa Ssalongo. Palikuwa na wembe, majivu, mafuta ya taa ya kusafishia, chupa za waragi, pombe kali ya huko, na jiko lenye kikaango, kwa sababu desturi ya wanaume wale ilikuwa kwamba anayeshika mnyama anakula kilichokatwa. Walikaanga pale pale, kwa vitunguu na pilipili, na waliokuwa wamekula walirudi kushika mwingine wakiwa bado wanatafuna. Sitaeleza sauti. Nitasema tu kwamba nguruwe hulia kama mtu, na kwamba mwanamume mmoja alikuwa akimwiga huku akichekesha wenzake, na mafuta yakimng’aa kidevuni.

Alikuwapo pia daktari wa mifugo, msichana wa Kiganda aliyemaliza chuo juzi juzi, mwembamba, mwenye baiskeli. Tulimwita Musawo, yaani daktari kwa Kiganda. Alisimama pembeni akingoja walishike dume zee la Ssalongo, kisha akasema.

“Ssalongo, hilo liache. Liwe moja tu la mtaa.”

“Nyama hiyo yote niiache?”

“Hawa weusi wamekaa hapa na jua letu na njaa yetu na minyoo yetu tangu kwa mababu. Walioshindwa walikufa, waliobaki ndio hawa. Kilichomo katika damu yao hakiuzwi dukani. Mkikikata leo chote, kesho mkikihitaji mtakitoa wapi?”

“Na hawa weupe, Musawo? Wewe mwenyewe umekuja kuwapiga sindano.”

“Weupe ni wazuri ukiwajengea kivuli na kuwapa maji mengi na chakula safi. Wewe umewajengea?”

Watu wakacheka, kwa sababu banda la Ssalongo lilikuwa bati tupu. Naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hilo simnyimi. “Nnyabo, maneno yako iko tamu sana,” akasema, nnyabo ikiwa bibi kwa Kiganda. “Lakini mimi sijaona mutu anakula maneno na muhogo.” Wakalishika wanaume watano. Musawo akapanda baiskeli yake akaenda, na mimi nilienda nyuma ya duka la mkaa nikatapika sombe yote.

Yaliyofuata yalikuja polepole, na mwanzoni yalionekana kama bahati mbaya. Majike yale bora ambayo Ssalongo alikuwa amejichagulia nyumba kwa nyumba yalikuwa yamekua. Yalikuwa meupe, mazuri, na yote yalikuwa watoto wa dume lake moja. Akayapeleka kwa dume lile lile. Mimi niliuliza, kwa sababu nilikuwa mtu wa kuuliza, “Ssalongo, si ni baba yao?” na akanijibu mbele ya wanawake waliokuwa wanateka maji, “Mukongomani, nguruwe haendi kanisani.” Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Mama Faida, ambaye alikwenda kanisani siku zote, alicheka pia, na weupe wake nao aliwapeleka kule kule, mmoja wao akiwa binti wa dume lile.

Watoto walizaliwa, wengine bila njia ya kutolea choo. Walinyonya wakavimba, ngozi ikakaza kama ngoma, na hakukuwa na la kufanya. Wengine walikuwa na utumbo umetokeza kitovuni. Wengine walisimama tu wakitetemeka, hawajui ziwa liko wapi. Mimi nilikaa nao bandani nimewafunga katika kitenge changu, nikiwatilia maziwa mdomoni kwa kitambaa, na walikufa na maziwa yakiwa bado mdomoni. Mama Faida aliwachukua kwa mguu akawarusha ndani ya pipa la makombo. Nilisimama nikitazama lile pipa. Kesho yake asubuhi kazi yangu ilikuwa ile ile, kulitia mkono.

Kisha mvua iliyozoea kuja haikuja. Jua la mwaka ule lilikaa juu ya Bwaise kama limekodi. Mtaro ukakauka ukawa uji mweusi. Nguruwe hatoki jasho, hilo nilifundishwa na Musawo, na mweupe hana hata rangi ya kumkinga, kwa hiyo wale wakubwa wa waridi waliungua. Ngozi ya masikio ilichubuka ikaning’inia kama karatasi, nzi wakataga chini yake. Mtu mmoja akasema dawa ni oili chafu ya gari, basi mtaa mzima ukapaka nguruwe oili, na tukawa na nguruwe weupe waliopakwa weusi, wakihema midomo wazi ndani ya mabanda ya bati, wakinuka gereji na kidonda. Makaa yeye alivunja kamba asubuhi, akaenda kulala katika ule uji wa mtaroni mpaka machoni, akatoka jioni kutafuta maganda ya ndizi. Alikula nusu ya walichokula wenzake. Alipendeza.

Jike kubwa kuliko yote la Mama Faida lilikufa mchana, limelala ubavu. Nilidhani tutalizika. Mama Faida alilitazama, akafunga kitenge vizuri, akachukua kisu akalikata shingo, ingawa damu haikutoka ila ile nzito kidogo, kisha akalimwagia maji lionekane limechinjwa. Wafula alipokuja alimwambia lilivunjika mguu. Wafula aliinama, akanusa, akafumba macho kidogo kama mtu anayesali, akasema, “Sawa, madam. Pilipili iko.” Wakalipakia. Na jioni ile Mama Faida alishika mikono yangu juu ya sahani ya ugali akamshukuru Mungu kwa kutupa riziki. Niliona vidole vyake vitatu vikienda mdomoni, na mkunjo wa kucha wenye weusi wa damu ile, nikasema sina njaa.

“Unanichukia,” akasema, bila hasira.

“Hapana, mama.”

“Nilipofika hapa nililala stesheni ya mabasi na mutoto mugongoni. Faida alikufia mugongoni pale. Watu walipita, walisema tunanuka. Tangu ile siku mimi sioni kinyaa, Sifa. Kiliisha.”

Kinyaa chetu kiligawanyika vibaya. Yeye hakuwa nacho hata kidogo, na mimi nilikuwa nacho cha watu wawili.

Makaa alipoanza kutaka dume, nilikataa kumpeleka kwa Ssalongo. Musawo aliniambia kwamba kule Mengo, nyuma ya jiko la shule moja ya zamani, mpishi aitwaye Lutaaya alikuwa na dume jeusi lisilohasiwa, si kwa hekima yoyote, bali kwa sababu alikuwa mvivu na lilikuwa kali. Nikamwomba Mama Faida ruhusa, akasema fanya utakavyo. Nilimfunga Makaa kamba mguuni kulipopambazuka tukatembea, mimi na fimbo, yeye akisimama kila palipo na ganda la embe. Watu wa barabarani hawakutuacha. “Nnyabo, huyo ni dada yako mkubwa au mdogo?” “Mdogo,” nikajibu, “mkubwa ameolewa.” Tulipopita chini ya ukuta wa jumba la Kabaka, mfalme wa Waganda, mzee mmoja mwenye kanzu aligeuza uso kwa heshima ya ukuta, na mimi nikaona aibu, kisha nikacheka peke yangu njia nzima. Ile ndiyo siku ya furaha niliyoipata mwaka ule. Lutaaya, aliyekuwa na aproni yenye rangi ya maharage, alikubali kulipwa mtoto mmoja wa kike, maana alisema dume moja linamtosha kumuuma.

Jua likaendelea. Dume jeupe la Ssalongo lilikufa, likaliwa siku hiyo hiyo, na sasa mtaani hapakuwa na dume lolote lisilohasiwa, la rangi yoyote. Weupe wa Mama Faida walikwisha. Na Wafula, ambaye wateja wake walikuwa bado na njaa, akasema kwamba kwa sasa hata mweusi atachukua, unywele si kitu. Akamtazama Makaa, tumbo lake likiwa limeanza kushuka, akasema atakuja kumchukua Jumapili.

“Ana mimba, mama. Uliniahidi.”

“Niliahidi nikiwa na nguruwe. Sasa sina nguruwe, nina nyama moja imesimama.”

Nilikwenda kwa mtu pekee aliyeweza kumchukua Makaa kabla ya Wafula, naye ndiye mtu aliyenitia kinyaa kuliko wote mjini. Ssalongo alikuwa anakula. Alikuwa anakula mguu wa jike lake mwenyewe, mmoja wa wale waliokuwa wakihema juani, na alinikaribisha niketi upande ule wa mkeka uliokuwa na mafuta zaidi. Nikamwambia kwamba Makaa amebeba watoto wa dume jeusi, na akizaa dume litakuwa la pekee upande wetu wote, na yeye bila dume si Ssalongo wa mtu. Nikamwambia amnunue kwa Mama Faida kwa bei ile ile ya Wafula, ampe kivuli pale juu pasipofika maji, watoto wote wawe wake isipokuwa wa kike wawili, mmoja wa Lutaaya na mmoja wangu. Ila dume moja asilihasi. Alilamba vidole kimoja kimoja akifikiri, na mimi nilitazama kila kidole.

“Wewe iko na akili,” akasema. “Sitakata. Moja nitaacha.”

Akamlipa Mama Faida, Makaa akahamia kwake. Akazaa mvua zikiwa zimerudi, watoto weusi wenye mistari hafifu ubavuni kama wa porini, wote wenye njia zote ambazo Mungu aliwapa, wakikimbia siku ya pili. Maji yalipopanda usiku mmoja na kuchukua mabanda ya chini, Makaa, ingawa kwake hayakufika, alikuwa amewahamishia watoto juu ya rundo la maganda ya ndizi alilolijenga mwenyewe kwa mdomo. Madume yalikuwa mawili tu. Moja pana, lenye shingo. Jingine lilikuwa dogo kama kiatu cha mtoto, lililonyonya chuchu ya mwisho isiyo na maziwa.

Krismasi ilipokaribia tuliitwa, Lutaaya na mimi, tuje tuchukue wetu. Lutaaya alitia wake kwenye gunia akaondoka mapema, ana maharage motoni. Mimi nilibaki nikichagua wangu, na ndipo nilipoona jiko, kikaango, majivu, na Ssalongo ameketi kwenye kigoda akinoa wembe kwenye jiwe, wanaume wa ile Jumamosi wakimzunguka. Hewa ilikuwa baridi, nyasi zimeota hata juu ya paa. Wafula alikuwa amemwambia kwamba mwaka mpya ukianza atamletea mzungu mwingine.

“Ssalongo, ulisema moja utaacha,” nikamwambia.

“Nilisema wakati wa jua. Jua limeisha.”

Musawo, aliyekuja kuwapa dawa ya minyoo, akamshika mkono. “Basi acha hili kubwa. Baba anapaswa kuwa yule mzuri.”

“Mzuri ndiye wa kula, Musawo. Nani anakula mubaya?” Na kabla hatujajibu alikuwa amelikata lile pana. Alifanya haraka, kwa mkono mwepesi wa mtu aliyezoea. Vilikuwa vidogo, kama maharage makubwa. Akavitupa kwenye kikaango pamoja na kitunguu, halafu akalinyanyua lile dogo kwa miguu ya nyuma, likaning’inia likilia, wembe ukiwa mdomoni mwake.

Nikapiga magoti. Sikuwa nimepanga kupiga magoti, lakini pale Buganda mwanamke anayeomba hupiga magoti, na miguu yangu ilikuwa imejifunza. Nikasema, hilo halitanona, Ssalongo, hata ukilihasi. Niachie hilo. Wanaume wakaanza kutabasamu. Ssalongo akautoa wembe mdomoni, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

“Mwaka mzima unaniangalia kama mimi ni choo,” akasema. “Unafikiri sioni? Nikila, unaangalia vidole. Mutu ambaye hakuli nguruwe anakuja kuniambia habari ya nguruwe. Haya. Desturi yetu, anayeshika anakula. Wewe unataka kushika hii? Kula.”

Akanisogezea kikaango kwa mguu.

Mama Faida alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake. Sikujua amefika saa ngapi. Akaja mbio, akaweka kapu chini, akanyoosha mkono. “Nipe miye. Miye nakula kitu chochote, unajua.”

“Si wewe, Mama Faida. Yeye.”

Akakaa chini kando yangu juu ya tope lile, kitenge chake cha Jumapili na yote, akaweka kiganja nyuma ya shingo yangu kama mtu anayemshikilia mgonjwa wa kutapika. Makaa alikuwa ananguruma nyuma ya mbao. Lile pana lililokatwa lilikuwa limejikunja kwake, na majivu kwenye kidonda. Nikachukua kimoja kwa vidole. Kilikuwa cha moto, na kilikuwa na kingozi cheupe juu, chembamba, kilichosinyaa kwa mafuta.

“Usinuse,” Mama Faida akaninong’oneza. “Tafuna upande mumoja.”

Nikatafuna. Kilikuwa laini, kikapasuka, kikajaa mdomo wote ladha ya chuma na maziwa. Machozi yalinitoka na kamasi vilevile, na wanaume wale, ambao nilikuwa nimengoja kicheko chao, waligeuza macho pembeni. Ssalongo alinitazama koo. Sikumeza mara moja. Nilikitazama kile kinguruwe kidogo kikining’inia mkononi mwake kichwa chini, pua yake ndefu ikitafuta hewa, nami nikameza, nikafungua mdomo aone.

Akakiweka chini bila kukikata. Kilisimama kikayumba, kikajitikisa, kisha kikakimbia chini ya mbao kikawasukuma dada zake, na kikaenda kulala kwenye chuchu ya mbele, ile ya kaka yake, ambaye siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuidai.